Sura za watu za Rembrandt: bamba lililochoka, nakala ya mkono au heliogravu?

Mtu akitafuta sura moja kati ya zile ambazo Rembrandt alizichora juu ya shaba, iwe Jan Six akisoma dirishani, sonara Jan Lutma au muuza picha Clement de Jonghe, atakutana na karatasi nyingi zenye jina lilelile na bei zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Moja imetoka kweli kwenye bamba lililoshikwa na Rembrandt, ila ilichapwa zaidi ya miaka 100 baada ya yeye kufariki mwaka 1669. Nyingine ilichorwa upya na fundi wa Paris, chapa ya Rembrandt ikiwa mbele yake na sindano mkononi. Ya tatu ilihamishiwa kwenye shaba kwa kamera na mwanga; hiyo ndiyo heliogravu. Ya nne imetoka kwenye printa juzi.

Chapa zilizotolewa na Rembrandt mwenyewe tunaziweka kando, kwa sababu anayeweza kuzinunua ana mshauri wake tayari. Ulinganisho huu ni wa hizo nne zilizobaki. Tuseme mapema tunakoegemea: kwa anayetaka kuona jinsi mkono wa Rembrandt ulivyotembea, heliogravu nzuri ya karne ya 19 humpa zaidi kuliko chapa ya marehemu bamba, yaani bamba asilia lililochakaa na kukwaruzwa upya na watu wengine. Wauzaji wengi wangependa uamini kinyume chake, kwa kuwa neno "asilia" huuza.

Shaba huchokaje

Echingi ni picha iliyochorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta. Sindano huondoa nta, asidi hula shaba pale ilipoachwa wazi, wino hujazwa kwenye mifereji hiyo, uso wa bamba hufutwa, kisha karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu yake kwa mashine ya rola. Karatasi huingia ndani ya mifereji na kutoka na wino. Ndiyo maana ukipitisha macho juu ya chapa halisi ya echingi ukiwa umeilaza dhidi ya mwanga wa pembeni, utaona mistari mizito imeinuka kidogo kama uzi ulioshonwa.

Rembrandt hakuishia kwenye asidi. Alikwaruza pia shaba moja kwa moja kwa sindano kavu, bila nta wala asidi. Mkwaruzo wa namna hiyo huacha kando yake ukingo wa shaba ulioinuka, mithili ya udongo unaorundikana pembeni mwa jembe. Ukingo huo hukamata wino na kuchapa weusi laini kama mahameli. Jan Six wa mwaka 1647 amejengwa hivyo: asidi, sindano kavu na patasi ndogo ya kuchongea vimefumwa pamoja mpaka chumba chote kimezama gizani na mwanga unaingia nyuma ya kichwa chake tu.

Ukingo huo wa shaba ni dhaifu mno. Kila mara bamba linapofutwa kwa kitambaa na kupita chini ya rola, unalala na kukatika. Chapa ishirini hivi za mwanzo ndizo hupata mahameli yenyewe, zinazofuata hupata kivuli chake, na baada ya hapo hubaki mkwaruzo mwembamba wa kijivu. Mistari ya asidi huvumilia mamia ya chapa, lakini nayo huwa mifupi kwa kina. Ile myembamba kabisa, kama nywele za paji la uso, vivuli vya shavu na kope, ndiyo hutangulia kupotea. Kwenye sura ya mtu hasara hiyo ni kubwa kuliko kwenye mandhari. Mti ukipoteza majani machache ni mti bado, lakini jicho likipoteza mistari mitatu limekuwa jicho la mtu mwingine.

Chapa za baadaye kutoka mabamba yenyewe

Mabamba mengi ya Rembrandt hayakufa naye. Clement de Jonghe, huyohuyo aliyechorwa mwaka 1651, aliacha mabamba 74 yaliyotajwa kuwa ya Rembrandt katika orodha ya mali yake ya mwaka 1679. Karne iliyofuata fungu kubwa lilikuwa Paris kwa Claude-Henri Watelet, mpenzi wa sanaa ambaye naye alikuwa akichora kwa asidi. Watelet hakuyaacha yalivyo. Baadhi aliyapitia upya. Alipofariki mwaka 1786 yalinunuliwa na mchapaji Pierre-François Basan, akayachapa kwa wingi na kuyauza kama mkusanyo. Yakapita mikono mingine, miongoni mwao Bernard kuanzia 1846 na Alvin-Beaumont aliyechapa tena mwaka 1906. Mwaka 1938 Mmarekani Robert Lee Humber aliyanunua, yakakaa kwa miaka mingi North Carolina, na mwaka 1993 yakauzwa na kutawanyika kwenye makumbusho na kwa wakusanyaji binafsi.

Hivyo unapouziwa "Jan Lutma, chapa ya Basan", unauziwa karatasi iliyogusa shaba ileile ya mwaka 1656. Hilo ni kweli na lina uzito wake. Lakini tazama kilichobaki. Katika chapa za mwanzo Lutma ameketi kwenye kiti kizito, nyundo na sahani ya fedha mezani, nuru imemwagika usoni, ukuta nyuma yake ukiwa mtupu. Dirisha liliongezwa katika hatua ya pili; hatua ni hali ya bamba kati ya badiliko moja na jingine. Katika chapa za mwisho wa karne ya 18 koti limekuwa wavu wa mistari unaohesabika, kivuli cha dirisha kimepitiwa tena kwa patasi ili kirudishe weusi, na ule mpito laini kutoka shavu kwenda ndevu umekatika. Mstari wa patasi iliyoongezwa unajulikana: umenyooka, una ncha kali pande zote mbili na unene unaokua na kupungua kwa ulinganifu. Mstari wa asidi wa Rembrandt huishia butu na hutetemeka kidogo.

Kuna mfano wa wazi zaidi nje ya sura za watu. Kapteni William Baillie, Mwairlandi aliyeishi London, alipata bamba la ile picha kubwa ya Kristo akiwaponya wagonjwa, akalichonga upya, akachapa miaka ya 1770 na hatimaye akalikata vipande vinne. Shaba ilikuwa ya Rembrandt. Vivuli vingi unavyoviona kwenye chapa zile ni vya Baillie.

Onyo moja litakuokolea pesa. Bamba la Jan Six halikupita njia hii. Lilibaki kwa ukoo wa Six na liko Amsterdam hadi leo katika mkusanyo wa familia hiyo. Basan naye alichora nakala yake ya Jan Six kwa mkono wake. Basi "Jan Six wa Basan" na "Lutma wa Basan" ni vitu viwili tofauti kabisa: wa pili ni chapa ya bamba la Rembrandt, wa kwanza ni kazi ya Basan mwenyewe. Muuzaji anayesema "Six, bamba asilia, toleo la Basan" amechanganya mambo, na bei yake huwa imechanganyika pia.

Nakala zilizochorwa kwa mkono

Karne ya 18 ilikuwa na njaa ya Rembrandt. Orodha ya kwanza ya chapa zake, kazi ya Gersaint, ilitoka Paris mwaka 1751, na wakusanyaji wakaanza kugombania hata tofauti ndogo kati ya hatua na hatua. Panapokuwa na njaa hapakosi mpishi. Basan alinakili, Dominique Vivant Denon alinakili, Francesco Novelli alinakili huko Venice. Ignace Joseph de Claussin, aliyetoa orodha yake ya kazi za Rembrandt mwaka 1824, alikuwa pia mnakili hodari. Aliujua kila mkwaruzo aliokuwa akiuiga.

Kunakili echingi si kazi ya jicho tu. Fundi huweka juu ya chapa karatasi angavu, anafuatisha mistari, anageuza karatasi na kuigandamiza juu ya nta ya bamba ili mchoro uhame ukiwa umepinduka kushoto kulia. Akiruka hatua hiyo na kuchora moja kwa moja kama anavyoona, chapa itatoka imegeuka: Lutma atatazama upande usio wake na saini itasomeka kinyume. Nakala zilizogeuka ndizo rahisi kuliko zote kuzikamata. Fungua picha ya makumbusho kwenye simu uilinganishe. Usidhani kazi imeishia hapo, kwa sababu wanakili makini walipindua vizuri.

Kinachomsaliti mnakili ni mwendo. Rembrandt alikuwa akitafuta umbo huku akichora. Mstari wake huanza kwa nguvu, hulegea, huruka, hurudi. Mnakili tayari anajua mstari unaishia wapi, kwa hiyo anaupeleka polepole mpaka mwisho, na asidi huila shaba kwa kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tazama nywele. Za Rembrandt zina vifundo na mapengo, za mnakili zina mpangilio. Tazama pia makosa: vidoadoa ambapo nta ilipasuka na asidi ikapenya, mikwaruzo iliyoponyoka ukingoni mwa bamba. Mnakili huviacha, maana havimo katika kile anachokiita picha.

Wanakili wa karne ya 19 ni habari nyingine. Léopold Flameng, mzaliwa wa Brussels aliyefanya kazi Paris, alichora nakala nyingi za Rembrandt kwa ajili ya orodha kubwa ya Charles Blanc iliyotoka kuanzia mwaka 1859. Flameng alikuwa bingwa. Nakala zake za vipande vyepesi zinasogea karibu sana na asilia. Kwenye giza ndipo anapokwama, kama wote waliojaribu Jan Six. Ukiweka kona ya giza nyuma ya kiti chini ya lenzi ya kukuza mara 10, utaona wavu safi wa mistari inayokatana kwa pembe sawa, na vitundu vyeupe vya karatasi vikichungulia katikati. Chapa ya kwanza ya Rembrandt haina vitundu hivyo, kwa kuwa ukingo wa shaba ulivijaza wino. Flameng alielewa tatizo na akaongeza mistari, lakini mistari mingi si mahameli.

Nakala ya mkono ina thamani yake yenyewe. Hii ndiyo karatasi pekee kati ya hizi nne inayokuonyesha mchoraji mmoja akimsoma mwingine kwa vidole. Kwa mwanafunzi wa uchapaji ni somo bora, hasa akiiweka kando ya picha ya asilia na kujiuliza mnakili aliacha nini na kwa nini. Nunua Flameng kama Flameng, au Claussin kama Claussin, kwa bei yake, ufurahie. Ubaya ni kuinunua kama Rembrandt.

Heliogravu za Amand-Durand

Mchapaji Mfaransa Charles Amand-Durand (1831–1905) alikuwa na njia nyingine. Chapa nzuri ilipigwa picha kwa ukubwa wake, picha hiyo ikahamishwa kwa mwanga juu ya bamba la shaba lililopakwa dawa inayoganda inapopigwa na nuru, na sehemu zisizoganda zikaliwa na asidi. Kisha fundi alishika sindano na patasi akarekebisha palipofifia. Bamba lilichapwa kwa wino na rola vilevile kama la Rembrandt. Seti yake ya Rembrandt ilitoka mwaka 1880 na maelezo ya Georges Duplessis wa maktaba ya taifa ya Ufaransa.

Matokeo yake yanashangaza. Alama ya bamba, yaani bonyeo la kingo zake kwenye karatasi, ipo, wino umeinuka, karatasi mara nyingi ni ya milia inayoonekana dhidi ya mwanga, kama ya zamani. Na kwa kuwa kamera haichagui, hata vile vidoadoa na mikwaruzo iliyoponyoka imo. Hapo ndipo inapoizidi nakala ya mkono: kila mstari umeanza na kuishia mahali Rembrandt alipouweka. Inaizidi pia chapa ya Basan, kwa sababu iliyopigwa picha ilikuwa chapa ya mapema yenye mistari yote myembamba. Uso wa Lutma katika heliogravu bado una vivuli vya shavu vilivyokwisha kufutika kwenye bamba lenyewe.

Inachokosa ni kina. Mwanga huhamisha upana wa mstari. Hauhamishi jinsi sindano ilivyozama. Palipokuwa na sindano kavu na mahameli yake, heliogravu huchapa mstari mpana, mweusi, wenye kingo zilizokatika ghafla. Ukiisogeza karatasi mwangani, weusi wa Jan Six wa mwaka 1647 huonekana una tabaka, wa heliogravu ni bapa kama rangi iliyopakwa. Mistari myembamba kabisa huonekana imekatikakatika kama nukta zilizofuatana, kwa kuwa dawa ya mwanga haikuishika yote. Na kumbuka kwamba kila heliogravu ni ya hatua moja tu. Kwa Clement de Jonghe hili ni jambo kubwa: katika hatua za mapema ametulia na mandharinyuma ni mepesi, baadaye tao likaongezwa juu, vivuli vikazidi, na macho yake yakabadilika mpaka anaonekana mtu wa fikra nzito zaidi. Muulize muuzaji ni hatua ipi iliyopigwa picha, kisha uthibitishe mwenyewe.

Amand-Durand hakuwa mdanganyifu. Nyuma ya karatasi zake aligonga muhuri mdogo mwekundu wenye herufi za jina lake. Wadanganyifu walikuja baadaye, wakaukwangua. Shika karatasi dhidi ya taa uangalie upande wa nyuma: palipokwanguliwa pamekuwa pembamba na hupitisha mwanga zaidi, duara lenye ukubwa wa kitufe. Doa la namna hiyo kwenye "Rembrandt halisi" linatosha kukufanya urudishe karatasi mezani.

Ya printa

Hii haina mjadala mrefu. Rijksmuseum ya Amsterdam imeziweka wazi picha za chapa zake kwa ukubwa mkubwa, bila malipo na bila masharti ya hakimiliki kwa kazi za zamani hivi. Jan Six ana takriban sentimita 24.5 kwa 19. Ukitaka achapwe kwa ukubwa wake kwa nukta 400 kwa inchi, unahitaji faili yenye pikseli zisizopungua 3,860 kwa 3,000. Mwambie mchapaji asikuze wala asipunguze, atumie karatasi ya pamba isiyong'aa, na wino wa pigmenti badala ya ule wa rangi ya maji unaopauka kwa jua. Utapata picha sahihi kuliko nakala nyingi za karne ya 18. Hutapata wino ulioinuka, wala alama ya bamba, wala kitu cha kumrithisha mtu kama chapa. Kwa ukuta wa sebule unaopigwa na jua la mchana, hii ndiyo tungetundika, bila kusita.

Zikiwa mezani pamoja

Vifaa ni vichache: rula ya chuma yenye milimita, lenzi ya mara 10, taa ndogo unayoweza kuilaza pembeni, na picha ya makumbusho ya hatua unayoambiwa unayo.

Anza na lenzi. Ukiona nukta zilizopangwa kwa safu kama kwenye gazeti, au ukungu wa vitone vya rangi mbalimbali, hiyo imetoka kwenye mashine ya ofseti au printa hata kama ukingo wake umebonyezwa ili ufanane na alama ya bamba. Alama ya kubandikiza hiyo mara nyingi iko mbali na picha na pembe zake ni kali mno. Pembe za bamba la kweli zilipigwa tupa zikawa duara kidogo, na wino hubaki kwenye kingo zake.

Kisha pima alama ya bamba. Six ni kama milimita 245 kwa 191, De Jonghe 207 kwa 161, Lutma kati ya 196 na 199 kwa 150. Karatasi huchapwa ikiwa na unyevu na husinyaa inapokauka, kwa hiyo tofauti ya milimita moja au mbili si kosa. Tofauti ya milimita tano ni bamba jingine.

Baada ya hapo tafuta makosa, na hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote. Chagua vidoadoa au mikwaruzo mitatu isiyo na kazi kwenye picha ya makumbusho, mbali na uso. Kama haimo kwenye karatasi yako, umeshika nakala ya mkono. Kama imo yote, mistari myembamba ipo, lakini weusi ni bapa, umeshika heliogravu. Kama mikwaruzo imo, mistari myembamba imepotea na kuna mistari mingine iliyonyooka ambayo haimo kwenye picha ya makumbusho, umeshika chapa ya baadaye ya bamba asilia. Fanya hivi kabla ya kusoma chochote kilichoandikwa nyuma ya fremu.

Karatasi husaidia kukanusha kuliko kuthibitisha. Iangalie dhidi ya mwanga. Karatasi laini isiyo na milia haikutengenezwa Ulaya kabla ya miaka ya 1750, hivyo karatasi ya Ulaya iliyo hivyo haiwezi kuwa ya enzi za Rembrandt. Kinyume chake hakifanyi kazi: yenye milia ilitengenezwa karne zote na inatengenezwa hadi leo. Karatasi ya Kijapani nayo isikubabaishe. Rembrandt aliitumia, Jan Six akiwa miongoni mwa zilizochapwa juu yake, lakini wachapaji wa karne ya 19 waliipenda vilevile.

Usivutwe na ukungu wa wino ulioachwa usoni mwa bamba ili kuipa picha hali ya jioni. Rembrandt alifanya hivyo kwa ustadi. Mchapaji wa bamba lililochoka hufanya hivyo ili kuficha kilichopotea, na ukungu wake huwa mzito palepale ambapo mistari imekwisha.

Na usome maandishi ya picha yenyewe. Katika hatua za mapema Jan Six hana jina. Jina na umri wa miaka 29 viliongezwa baadaye, na kabla ya marekebisho tarakimu 6 na 4 za mwaka 1647 zilisimama kinyume. Anayekuuzia "hatua ya kwanza" yenye jina la Six hajui anachouza. Vilevile kichwa "Meya Six" kisichukuliwe kama ushahidi wa ukale: Six alipata cheo hicho mwaka 1691, miaka 44 baada ya picha, kwa hiyo aliyeandika hivyo aliandika baada ya Rembrandt.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Anayejifunza kuchora sura kwa mistari achukue heliogravu ya Amand-Durand ya Lutma au De Jonghe. Asichague Six, kwa kuwa huko ndiko heliogravu inakopoteza zaidi. Six mtazame makumbusho au kwenye faili kubwa.

Anayejifunza uchapaji wenyewe apate nakala moja ya mkono, kisha atengeneze yake. Bamba la shaba la milimita 1 hadi 1.5 linatosha, kingo zikipigwa tupa kwa nyuzi 45 ili zisikate karatasi. Chagua kipande kidogo, kichwa cha Lutma pekee kwa mfano, na ukipindue kabla ya kukihamisha. Kloridi ya feri ni salama kuliko asidi ya nitriki yenye moshi wake, ila hutengeneza tope linalojaa ndani ya mistari na kuzuia kina, kwa hiyo simamisha bamba wima au liweke uso chini juu ya vijiti. Iache dawa iile shaba kwa hatua: toa bamba baada ya dakika 5, ziba vivuli vya uso kwa vanishi, rudisha mpaka 15 kwa nywele, mpaka 40 kwa koti. Muda hubadilika kwa joto na umri wa dawa, hivyo jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Wengi huharibu kwa kula uso na koti kwa muda mmoja; sura hutoka na mikunjo ya mzee ambayo haikuwepo. Karatasi ilowe nusu saa, ifutwe mpaka isiwe na maji ya kung'aa, ndipo ipite chini ya rola.

Anayeanza mkusanyo na anataka shaba yenyewe ya Rembrandt anunue chapa ya Basan, lakini achague sura iliyojengwa kwa asidi zaidi kuliko sindano kavu, kwa kuwa hiyo imevumilia. Adai kuandikiwa kwenye risiti hatua ya bamba na kipindi cha kuchapwa. Chapa za mwaka 1906 na baada yake tungezinunua kwa bei ya kumbukumbu tu. Na kati ya Basan iliyopitiwa vibaya na Flameng safi, tungechukua Flameng.

Kwa wanaoishi Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au Muscat kuna jambo la mwisho, na ni zito kuliko linavyosikika. Karatasi ya pamba hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55; hewa ya pwani mara nyingi hupita 70, na madoa ya kahawia huanza kimyakimya nyuma ya fremu. Weka kadibodi isiyo na asidi mbele na nyuma, acha nafasi ya milimita chache kati ya karatasi na kioo, shikilia kwa vibawa viwili vya karatasi nyembamba na uji wa wanga juu tu, kamwe si kwa selotepu. Usitundike kwenye ukuta unaopakana na bafu wala ule unaopigwa na mvua ya masika. Fungua fremu mara moja kwa mwaka uangalie pembe za chini, maana ndiko unyevu hutangulia.